Kibiti hakuna Bwana Msa

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa na sababu naona aibu kidogo kuisema: nilikuwa naandika riwaya.

Ndiyo, riwaya. Tena ya upelelezi. Kila mwandishi wa habari wa Bongo ana riwaya yake kabatini, na anayebisha mbaneni vizuri atasema. Yangu inahusu mji mdogo wa kubuni kando ya barabara ya kusini. Una stendi moja, msikiti wa Ijumaa, gesti mbili, na soko ambalo ikifika saa sita mchana limeshalala. Katika mji huo watu wanaanza kupotea. Anaanza fundi redio, anafuata dereva wa bodaboda, halafu karani wa mizani ya korosho. Mpelelezi anatoka Dar na begi lake moja, anapanga gesti, anaanza kuuliza maswali. Nilifika ukurasa wa 74 nikakwama.

Nikampelekea rafiki yangu mmoja, mwalimu wa Kiswahili huku Bunju, mtu aliyesoma riwaya za Kiswahili kuliko mtu yeyote ninayemfahamu. Akakaa nayo siku tatu. Nilipokwenda kuichukua akanipa karatasi zangu huku anatabasamu.

"Mdogo wangu, umeandika vizuri. Ila huyu mpelelezi wako analipwa kwa kazi gani? Kurasa sabini na nne, maiti hata moja hatujaiona! Msomaji atakudai hela yake."

Nilicheka sana. Nikapanda daladala kuelekea mjini nikiwa bado nacheka, Boko tukaipita, tukafika Tegeta. Pale Kibo kicheko kikakatika. Nitawaambia kwa nini, ila kwanza nimtendee haki mwalimu, maana alichosema ni kweli kabisa.

Sisi wasomaji wa Kiswahili tumelelewa na maiti. Mjomba wangu alikuwa na sanduku la bati chini ya kitanda limejaa vitabu vilivyobanduka majalada, na humo ndimo nilimojifunza kusoma usiku kwa mwanga wa simu. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla alianza na Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichoshinda mashindano ya uandishi ya 1957-58 na kuchapishwa 1960. Maiti inakutwa mzimuni, watu wanasema ni kazi ya mizimu, Bwana Msa anavuta kiko chake na kutuonyesha kwamba ni kazi ya binadamu. Faraji Katalambulla akaja na Simu ya Kifo mwaka 1965. Elvis Musiba akatupa Willy Gamba katika Kufa na Kupona, 1974. Ben Mtobwa, Mungu amrehemu, aliyefariki 2008, akatupa Joram Kiango, ambaye nadhani nusu ya vijana wa kizazi cha wajomba zetu walitaka kufanana naye, kuanzia mavazi hadi majibu.

Hawa wote wanatofautiana kama mbingu na ardhi. Bwana Msa anafikiri, Willy Gamba anapiga watu ngumi, Joram Kiango anafanya yote mawili na bado anapata muda wa kupendwa. Lakini wote wanaishi kwa kutegemea maiti. Maiti ina jeraha, na jeraha lina silaha yake. Maiti ina saa ya kufa, kwa hiyo unaweza kumuuliza kila mtu alikuwa wapi saa hiyo. Mfukoni ina risiti au namba ya simu. Maiti, kwa kweli, ndiye shahidi wa kwanza.

Aliyepotea hakuachii kitu cha kushika. Utasemaje ameuawa? Pengine yuko hai. Utasemaje yuko hai? Mbona hapigi simu? Ukienda kuuliza unaambiwa labda kaenda machimboni, labda kapata mwanamke Msumbiji, hebu subirini kidogo. Huku pwani tunajua sana kuzika. Tuna utaratibu wa kila kitu, nani anachimba, nani anapika, hitima lini, arobaini lini. Lakini arobaini inahesabiwa kutoka siku fulani. Wa kwenu akipotea, utaanza kuhesabu siku gani?

Sasa tuje kwenye mji wangu wa kubuni, ambao kusema ukweli si wa kubuni sana. Ni Kibiti.

Kwa walio wadogo au waliokuwa nje: Kibiti iko mkoa wa Pwani, barabara ya Kilwa, ukitoka Mbagala unapita Mkuranga, unaendelea, na ukiipita Kibiti unakwenda Ikwiriri na daraja la Mkapa juu ya mto Rufiji. Abiria wa Lindi na Mtwara wanaijua kwa korosho na machungwa ya dirishani. Kati ya 2016 na 2017 ukanda ule wa Kibiti, Rufiji na Mkuranga uliingiwa na balaa. Wenyeviti wa vijiji na watendaji waliuawa, mmoja baada ya mwingine, wengine kwenye milango ya nyumba zao. Aprili 13, 2017 askari polisi wanane waliuawa kwa kuviziwa wakiwa kwenye gari lao. Serikali ikaanzisha kanda maalumu ya kipolisi, na pikipiki zikapigwa marufuku kutembea usiku. Na wakati huo huo zikaanza kusikika habari za watu wengine, ambao hawakuuawa mlangoni. Walichukuliwa, wakawa hawaonekani.

Nani alifanya? Hapa ndipo sisi waandishi wa habari tunapotakiwa kuinamisha vichwa kidogo. Tuliandika "watu wasiojulikana". Maneno hayo ni ya zamani sana katika magazeti yetu, yalikuwa ya kawaida tu, ng'ombe kaibwa na watu wasiojulikana, duka limevunjwa na watu wasiojulikana. Lakini mwaka ule wa 2017, hasa baada ya Tundu Lissu kumiminiwa risasi Dodoma Septemba 7, maneno yale yakageuka jina. Watu Wasiojulikana, utadhani ni kampuni iliyosajiliwa. Wakaingia kwenye utani wa vijiweni, wakaingia kwenye nyimbo, mtu akichelewa kurudi nyumbani anaulizwa kama walimchukua Wasiojulikana.

Fikirieni jambo hili, kwa sababu mimi limenisumbua kuliko yote. Kazi nzima ya riwaya ya upelelezi ni kumchukua mtu asiyejulikana katika ukurasa wa kwanza na kumpa jina katika ukurasa wa mwisho. Ndiyo kazi ya Bwana Msa, hana nyingine. Sisi tulifanya kinyume. Tulichukua kutokujulikana kwenyewe tukakufanya jina, halafu tukaridhika kana kwamba tumeshajibu swali.

Novemba 21, 2017 zamu ikawa ya mwenzetu. Azory Gwanda, mwandishi wa kujitegemea aliyekuwa akiandikia Mwananchi na The Citizen, na aliyekuwa ameripoti mauaji yale yale ya Kibiti. Mkewe ameshayasimulia mara nyingi kwa vyombo vya habari: mumewe alimfuata shambani akiwa ndani ya Land Cruiser nyeupe pamoja na wanaume wengine, akamuuliza ufunguo wa nyumba uko wapi, akamwambia anasafiri kwa dharura na angerudi kesho yake. Mama yule alikuwa mjamzito. Aliporudi nyumbani alikuta vitu vimepekuliwa na kutawanywa. Azory hakurudi kesho yake, na hadi leo hajarudi.

Mimi wakati ule nilikuwa chuoni, mwaka wa kwanza wa uandishi wa habari. Nakumbuka mhadhiri mmoja aliandika jina lake ubaoni, akasimama kidogo, akalifuta, akaendelea na somo la siku hiyo, ambalo lilikuwa aya ya kwanza ya habari. Nani, nini, wapi, lini, kwa nini, vipi. Tuliandika kwenye madaftari yetu.

Tazameni sasa kama watunzi wa riwaya. Mji mdogo, ambako mgeni akinunua vocha mji mzima unajua. Mchana kweupe. Gari linaonekana, na shahidi ameongea na mhusika uso kwa uso. Kuna ufunguo na kuna nyumba iliyopekuliwa. Jamani, Bwana Msa angehitaji nini zaidi? Angemaliza kabla kiko hakijazima! Lakini katika nchi hii Land Cruiser nyeupe haikuelekezi popote, ziko nyingi mno na kila ofisi inayo, na shahidi anaweza kusema kila kitu alichokiona na maneno yake yakabaki hewani. Tatizo la Kibiti halijawahi kuwa uhaba wa fununu. Ni nani atumwe kuzifuata, na akizifuata zikamfikisha mahali, atamwambia nani.

Gazeti lake lilihesabu siku. Novemba 2018 maofisa wawili wa kamati ya kimataifa ya kulinda waandishi wa habari, CPJ, walifika Dar es Salaam, wakakamatwa hotelini usiku na kuhojiwa, kisha wakaondoka nchini. Julai 2019 Profesa Kabudi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje, alisikika BBC akisema kwa Kiingereza kwamba Azory alipotea na kufa. Kwa saa chache tukadhani ukurasa wa mwisho umefika, japo kwa njia ya ajabu namna ile. Baadaye ikatolewa kauli kwamba hakueleweka vizuri na serikali haina uthibitisho wa kama yuko hai au amekufa. Ukurasa ukafungwa tena.

Kuna mwisho mwingine, wa kisheria. Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema mwenzi asiyesikika kwa miaka 5 na watu ambao walitarajiwa kumsikia, anaweza kudhaniwa amekufa hadi ithibitishwe vinginevyo. Nilipoisoma mara ya kwanza niliona ina huruma, maana mtu hawezi kubaki ameolewa na kivuli maisha yake yote. Nikahesabu. Kwa Azory miaka 5 ilitimia Novemba 2022. Basi nimejaribu kuandika sura ambamo mke wa karani wangu wa korosho anakwenda mahakamani kuomba mume wake adhaniwe amekufa, ili aweze kushughulikia kiwanja na mambo ya watoto. Sijafaulu. Kila nikiandika, mwanamke yule anafika mlangoni pa mahakama anageuza. Anaona akitia saini ndiye atakayekuwa amemuua.

Mwalimu anasema hapo ndipo ninapokosea, riwaya ya upelelezi haitakiwi kuwa ya mke, ni ya mpelelezi. Na ana hoja. Watu wananunua kitabu cha namna hii wapate raha ya kujua. Mtu katoka kazini amechoka, foleni ya Mwenge imemmaliza, anataka mahali pamoja duniani ambapo swali linajibiwa. Mbona hata Agatha Christie, malkia wa haya mambo, aliwapa watu majibu miaka zaidi ya hamsini? Nikamjibu kwamba huyo huyo Christie alipotea mwenyewe Desemba 1926. Gari lake likakutwa Surrey limeachwa, Uingereza nzima ikamsaka siku 11, akaja kupatikana hotelini Harrogate akitumia jina jingine. Aliishi miaka mingine karibu 50, akaandika hata kitabu cha maisha yake, na kisa kile hakukieleza humo. Aliyeeleza kila kifo alichokibuni hakutaka kueleza kupotea kwake. Mwalimu akasema, "Lakini alipatikana." Kweli, alipatikana.

Na Mo Dewji alipatikana pia. Oktoba 11, 2018 alichukuliwa alfajiri akienda mazoezini, familia ikatangaza zawadi ya shilingi bilioni 1, Oktoba 20 akaonekana viwanja vya Gymkhana. Tulifurahi, mimi nilipiga kelele sebuleni hadi mama akatoka jikoni. Lakini nilijiuliza usiku ule, na sikumwambia mtu: ina maana kutafuta tunajua?

Sasa narudi Tegeta, nilipoahidi. Septemba 6, 2024, Ijumaa jioni, Ali Mohamed Kibao, mjumbe wa sekretarieti ya CHADEMA, alikuwa kwenye basi akielekea Tanga. Basi likasimamishwa pale pale Kibo, watu wenye silaha wakapanda, wakamfunga pingu, wakateremka naye mbele ya abiria wote. Mwili wake ulikutwa Ununio. Ununio, wadau! Kutoka kwetu Boko ni pua na mdomo, ndiko tunakokwenda ufukweni na watoto Jumapili. Chama chake kilisema alipigwa na kumwagiwa tindikali usoni. Rais aliagiza uchunguzi. Wiki mbili na ushee kabla ya hapo, Agosti 18, kiongozi wa vijana wa chama hicho Temeke, Deusdedit Soka, alitoweka na wenzake wawili. Oktoba 2025 familia ya Humphrey Polepole, balozi wetu wa zamani Cuba, ilisema amechukuliwa kutoka nyumbani kwake hapa Dar.

Ndiyo maana kicheko kilikatika. Mimi nilikuwa nimeuweka mji wangu mbali, kusini, kilometa mia na zaidi, ili niandike kwa amani. Kumbe daladala langu linasimama ndani yake kila siku, konda anaita Kibo, Kibo, wa kushuka!

Na ukigeuka upande wa pili wa barabara ya Bagamoyo, ukapanda ndani kuelekea Mabwepande, unaufikia msitu wa Pande. Juni 2012 Dk. Steven Ulimboka, kiongozi wa mgomo wa madaktari, alichukuliwa usiku na asubuhi akakutwa huko ameumizwa vibaya, ila yuko hai. Januari 2006 wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge na dereva teksi waliuawa ndani ya msitu huo huo. Polisi walitangaza kwamba ni majambazi waliokufa katika majibizano ya risasi. Ikaundwa tume chini ya Jaji Kipenka Mussa, ikabainika hawakuwa majambazi na majibizano hayakuwapo. Kesi ilikokotwa miaka kumi, washitakiwa wakaachiwa 2009, na Septemba 2016 Mahakama ya Rufani ikamtia hatiani ofisa mmoja. Mmoja tu, na wengi hatukuridhika. Lakini ilifika mahali. Na ilifika kwa sababu kulikuwa na miili minne, na matundu ya risasi yaliyokataa kukubaliana na taarifa iliyosomwa mbele ya waandishi.

Ndipo nikamwelewa mwalimu kuliko alivyojielewa mwenyewe. Anayempoteza mtu kabisa amejifunza kutoka kwa riwaya zetu. Ameshajua kwamba bila maiti, Bwana Msa hana kazi.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na najua utawaudhi wapenzi wa Joram Kiango. Ukiandika leo kwa Kiswahili riwaya ya mji mdogo ambao watu wanapotea, usimlete mpelelezi hodari akawapata wote sura ya mwisho. Sisemi ni dhambi. Nasema utakuwa umempa msomaji kitu ambacho yule mama wa Kibiti hajapewa, na msomaji atafunga kitabu, atajinyoosha, atazima taa. Mimi nataka asipate usingizi upesi hivyo. Mpelelezi wangu nitamwacha aishiwe hela ya gesti, arudi Dar. Atakayebaki kwenye kitabu ni mke, fundi jirani yake, na yule kijana wa stendi aliyeona gari na mpaka leo akiulizwa anasema siku ile alikuwa Ikwiriri.

Mama yangu hapendi jambo hili lote. Aliniona nimechapisha kurasa mezani akasoma mbili tatu, akazipanga vizuri, akaweka sahani juu yake zisipeperuke. "Mwanangu, kwani mpira hauandikiki?" Nikamwambia unaandikika mama. Akasema basi, na hatukuongea tena.

Jambo la mwisho. Katika rasimu yangu kulikuwa na ufunguo. Karani wa korosho anarudi kwa mkewe akiwa na wageni, anamuuliza ufunguo uko wapi. Mwalimu aliusifu sana ukurasa huo, aliuchora nyota pembeni kwa kalamu nyekundu. Wiki iliyopita nimeutoa. Ufunguo ule sikuubuni mimi, una mwenyewe, na sikumwomba.

Nipo ukurasa wa 81 sasa. Jana mwalimu kanipigia, baada ya salamu akauliza, "Vipi, ameshapatikana?" Nikamwambia bado.